Meza Arobaini na Roboti ya Daktari Weng

Kobe, 9 Machi 2023
Miaka hamsini na moja na miezi sita tangu niondoke

Mpwa wangu Hsiu-luan,

Pokea salamu zangu uzigawe. Za kwanza mpe mama yako, za pili wape wale akina mama wanaokusaidia jikoni, na zikibaki mpe yule bata dume aliyeniuma mwaka 1969, ingawa naamini aliliwa zamani. Mimi huku ni mzima kiasi cha kuandika. Baridi inaelekea kuisha, na jirani yangu Bwana Hatanaka anaendelea kufagia majani yake kuyaleta upande wangu, kisha ananiinamia kwa heshima kubwa.

Sasa jambo lenyewe. Mama yako ameniandikia mistari minne. Mitatu inahusu mvua. Wa nne unasema: "Hsiu-luan anataka kupasuliwa tumbo na roboti ili akonde." Nilidhani ameruka neno. Nimesahihisha kamusi kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na minne, na najua sentensi inavyochechemea neno likirukwa. Hii haichechemei.

Mwanangu, umefikiri vizuri? Wewe ni mpishi wa karamu, binti wa mpishi wa karamu. Marehemu baba yako alipokuja kumposa dada yangu, mama yetu hakumuuliza ana shamba ama hana. Alilitazama tumbo lake likiingia mlangoni kabla yake, akasema, "Huyu watu watakula." Tumbo lile lilikuwa kibao cha duka. Nani atakaa chini ya turubai ale vyakula kumi na viwili vilivyopikwa na mtu mwembamba? Watauliza anaficha nini.

Na roboti. Hapa Kobe kuna moja kwenye duka la tambi, kazi yake kuleta bakuli mezani. Juzi ilimpelekea mtu mwingine supu yangu, ikamwimbia. Hiyo ndiyo unataka kuipa kisu?

Kula kidogo, tembea asubuhi, achana na mashine.

Mjomba wako,
Tseng Mao-lin


Neimen, 28 Machi 2023
Kilo mia moja thelathini na moja

Mjomba, shikamoo. Umeshakula?

Kwa kuwa wewe unahesabu miaka juu ya barua, mimi nimehesabu kilo. Kila mtu na mzigo wake. Mama hajambo, ila magoti, na ugomvi wake na kamati ya hekalu kuhusu kipaza sauti. Bata aliliwa mwaka 1970, kwa tangawizi. Mama anasema ulikula sahani mbili.

Sasa nikueleze, maana mistari minne ya Mama haitoshi.

Mwezi wa kwanza tulikuwa na karamu ya meza ishirini na nane barabarani, mbele ya shule. Nilikuwa nageuza miguu ya nguruwe nikanusa ngozi inaungua. Nikawafokea wasaidizi, "Nani ameacha nyama motoni?" A-chun, aliyenishikia moto kwa miaka ishirini, akatazama chini, akasema, "Bosi, nyama ni wewe." Kaa lilikuwa limeingia kwenye kandambili yangu, likakaa chini ya kidole gumba. Sikuhisi chochote, Mjomba. Nilisikia harufu tu, tena nikaisifu moyoni kwamba imekolea.

Nina kisukari mwaka wa kumi na tano huu. Najichoma insulini mara nne kwa siku. Macho yameanza ukungu. Kule hospitalini mjini Daktari Weng aliniambia nifumbe macho, akasema atanigusa vidole vya miguu kimoja kimoja kwa uzi mgumu, na nikihisi niseme. Nikangoja. Nikangoja sana, nikadhani hajaanza. Alikuwa amemaliza.

"Dada," akaniambia, "ukiendelea hivi, baada ya miaka michache utapanda ghorofa ya tatu. Yuko mwenzangu kule, kazi yake ni kukata miguu."

Unasema nile kidogo. Nimekula kidogo. Nimepungua kilo kumi mara sita na kuzirudisha mara saba.

Kuhusu roboti: hii yangu si ndugu wa ile ya tambi. Daktari anakaa hatua chache kutoka kitandani, uso kwenye miwani ya mashine, vidole kwenye pete. Anachofanya yeye, mikono ya chuma inakifanya ndani ya tumbo langu, kwa udogo. Akitoa vidole, inasimama. Haiimbi. Nilimuuliza kwa nini asitumie vyuma virefu kama wengine. Akanijibu bila kunionea haya: "Ukuta wa tumbo lako ni mnene. Nikipitisha vyuma vya kawaida hapo, nashindana navyo, na baada ya saa moja mkono wangu unatetemeka. Mashine haichoki kushikilia. Na mimi naona kwa kina, kama nimeingia ndani na taa." Huyu daktari ana kilo arobaini na tano. Sufuria yangu ya supu inamzidi. Nikamwelewa.

Kufa siogopi sana. Naogopa ulimi. Watakata zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula, ubaki mwembamba kama ndizi. Mpishi wa karamu anaonja kila sufuria mara tatu. Nitaonjea wapi? Sina kazi nyingine, na A-chun na wale akina mama kumi na mmoja hawana bosi mwingine. Nikiokoa miguu na kupoteza meza, nitakuwa nimeokoa miguu ya kwenda wapi?

Jambo jingine. Mama anatimiza sabini na tano mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu ya mwandamo, yaani Januari ya huko kwenu. Nitampikia meza kumi, nami nataka wewe ukae ya kwanza. Nilizaliwa wiki tisa baada ya wewe kuondoka. Sijawahi kukuona ila kwenye picha, na kwenye picha zote umekaa.

Na swali dogo: Mama anasema Babu alikuwa na sukari. Wewe je?

Hsiu-luan


Kobe, 2 Mei 2023
Miaka hamsini na moja na miezi minane

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inawakuta mnapumua vizuri, na kamati ya hekalu imeshindwa. Huku mvua. Mwambie mama yako ilikuwa sahani moja na nusu.

Ukurasa wa kaa la moto nimeusoma mara tatu, na si kwa kutafuta makosa. Nenda ukapasuliwe. Yale niliyokuandikia mwezi wa tatu yahesabu kama makosa ya chapa.

Muulize daktari maswali mawili. Umeme ukikatika, nani anashika? Na amefanya wangapi kabla yako? Akikasirika, tafuta mwingine. Akijibu kwa tarakimu, lala kitandani.

Januari ni mbali. Tutaona.

Usishangae mwandiko. Naandikia mapajani, meza imejaa vitabu.

Mjomba wako,
Mao-lin


Neimen, 19 Juni 2023
Kilo mia moja kumi na saba

Mjomba, shikamoo. Mimi nimekula: vijiko vitatu vya uji wa maji. Nimeshiba.

Nipo hai, nakuandikia nikiwa nimekaa uani. Mama amekaa mbele yangu ananihesabia mafunda.

Maswali yako kwanza. Mashine ina betri yake na hospitali ina jenereta zake, na vyote vikifa, msaidizi aliyesimama kitandani anatoa ile mikono na Daktari Weng anaendelea kwa mikono aliyozaliwa nayo. Amefanya mia tatu na kumi na mbili. Hakukasirika. Aliniuliza, "Nani amekufundisha kuuliza hivyo?" Nikamwambia ninaye mjomba Kobe.

Sasa kisa. Wewe uliondoka kabla ya desturi hii, kwa hiyo vumilia. Siku hizi kisiwani hapa kila mashine yenye kazi nzito huwekewa juu yake pakiti ya vitafunio vya mahindi, vile vya watoto, ili itulie na iwe na adabu. Ziko benki, ziko kwenye treni, ziko kwa wanaorusha matangazo. Lazima pakiti iwe ya kijani, kama taa ya barabarani inayokuruhusu kwenda. Ya njano haifai. Nyekundu usiitaje. Na isiwe imepita tarehe.

Roboti ya Daktari Weng ilikuwa na ya kwake. Lakini Mama hakuiamini ya hospitali. Asubuhi ya tarehe sita akaenda dukani, kijani zikawa zimekwisha, akanunua njano. "Rangi ya kiini cha yai," alisema baadaye. "Inapendeza." Akampa yule kijana anayesukuma vitanda, akainama mara tatu, na kijana, badala ya kufikiri, akaiingiza na kuiweka juu ya mashine kando ya ile nyingine.

Mimi nimelala pale, sijala tangu jana, mtu wa dawa ya usingizi ameshashika mkono wangu. Muuguzi Pai akainua macho.

"Nani ameleta njano?"

Chumba kizima kikasimama.

Daktari Weng, aliyesoma ng'ambo miaka sita, akasema, "Jamani, ni mahindi tu."

"Ndiyo, Daktari," akasema Muuguzi Pai, wala hakusogea.

"Itoeni basi."

"Imeshagusa, Daktari."

Mjomba, nimesikiliza watu tisa wenye shahada wakijadili kama njano ikishagusa, kijani ya zamani bado ina nguvu. Nikainua kichwa nikasema, "Mkikosa pa kuiweka, nipeni mimi." Mtu wa usingizi akanilaza. Mwishowe Daktari Weng akavua glavu. "Haya, mtu akatafute kijani mpya. Na asome tarehe." Tulingoja dakika ishirini. Mama alikuwa nje anawaambia watu wote kwamba kuchelewa huko ni dalili ya uangalifu.

Nilipoamka nilikuwa na vidonda vitano, kila kimoja kama ukucha. Jioni ile ile nikatembea ukumbini nikiburuta chupa ya dripu. Nilitarajia maumivu ya kukatwa. Nikapata kama yale ya kesho yake baada ya kupanga meza arobaini. Siku ya tatu nikarudi nyumbani. Baba alipopasuliwa nyongo zamani zile, alikaa siku kumi na sita na kovu lilimkata kama mkanda.

Siku ya nne daktari wa sukari akanipigia simu, akaniuliza nimepima ngapi. Nikamwambia. Akaniambia nipime tena. Nikapima. Akasema, "Insulini acha. Baki na kidonge kimoja." Nilikaa na simu mkononi. Miaka kumi na tano, Mjomba, na kikopo kile cha kuhifadhia sindano bado kiko kwenye mlango wa friji, sijui nikitie nini.

Bila shaka majirani wamekuja na supu ya sangara. Unajua watu wetu, mtu akikatwa hata ukucha analetewa supu ya sangara ili kidonda kifunge. Nimehesabu sufuria tisa. Mama anasema, "Kunywa, kwa ajili ya kidonda." Nikamwambia, "Mama, ukiunganisha vyote vitano havifiki urefu wa kijiti cha kulia." A-chun na wenzake wamezinywa zote. A-chun ameongezeka kilo mbili na ananilaumu mimi.

Jana usiku Mama aliingia chumbani mara mbili kunishika pua. Sikuwa nikikoroma, akadhani nimekufa.

Swali la sukari hukulijibu. Nimeliona.

Hsiu-luan


Neimen, 30 Septemba 2023
Kilo tisini na tisa

Mjomba, shikamoo.

Barua yangu ya Juni hukuijibu, wala ya Julai. Nimepiga simu yako ya nyumbani mara nne, inalia tu. Mama anasema ulikuwa hivyo tangu utoto, ukikasirika unakaa kimya. Mimi sidhani umekasirika. Nakuandikia tu, maana sina wa kumwambia ambaye hatakuja na supu.

Nimeharibu, Mjomba.

Nilianza kazi Agosti, karamu ndogo. Nikaonja kama nilivyozoea, nikimeza. Kufikia chakula cha sita nilikuwa nyuma ya mti natapika, A-chun ananishika nywele, ambazo nazo zinatoka, lakini Daktari anasema zitarudi. Nikajifunza. Sasa naonja, nazungusha mdomoni, natema. Ulimi unafanya kazi, isipokuwa kwenye sukari: kitu kitamu kidogo tu kinanipiga kama kofi. Nilipika supu tamu ya maharage mekundu, nikaona iko sawa. Mama akaionja akasema, "Haya ni maji ya kuoshea maharage."

Hilo lingevumilika. Lakini kutema nani atakuelewa? Mpishi anayetema chakula chake mwenyewe. Nikawa najificha nyuma ya lori na kikombe.

Tarehe ishirini na nne ilikuwa harusi ya akina Hung, meza arobaini. Aliyenipa kazi ni bibi wa bwana harusi, ana miaka themanini na mitatu, na ulimi wake unaogopwa hadi mji wa pili. Nilikuwa nyuma ya lori naonja supu ya kuku na kombe. Bibi Hung akatokea, anatafuta choo. Mimi mdomo umejaa. Tukatazamana. Ningemeza, ningeanguka mbele yake. Nikatema.

Alirudi meza ya kwanza akasema, kwa sauti ile ile anayosalimia nayo, "Mpishi anatema."

Kufikia chakula cha saba meza zote arobaini zilikuwa zinajua. Watu waligusagusa kwa vijiti, wakatabasamu, wakaweka chini. Na mwisho, Mjomba, unakumbuka mwisho wa karamu zetu, kila shangazi anavyosimama na mfuko wa plastiki kubeba kilichobaki, wanavyoviziana kwenye mguu wa nguruwe? Nilikuwa nimeweka mifuko mia mbili mezani. Hakuna aliyechukua hata mmoja. Nimepika tangu nina miaka kumi na tisa na sijawahi kuona hivyo. Tulikusanya mifuko ile ikiwa bado imekunjwa.

Familia nne zimeshavunja makubaliano. A-chun anasema ashike yeye jiko, lakini ulimi wa A-chun unajua pilipili tu.

Miguu inapona. Daktari anafurahi, kila kipimo kimeshuka. Mimi nakaa jikoni asubuhi nikitazama sufuria. Niambie kitu.

Hsiu-luan


Kobe, 25 Oktoba 2023
Miaka hamsini na miwili na mwezi mmoja

Mpwa wangu Hsiu-luan,

Nisamehe ukimya. Nilikuwa na shughuli iliyochukua majira yote ya joto. Nitakueleza nikipata maneno yake. Barua zako zote tatu nimezipata kwa mpigo siku moja, nikazisoma kwa mpangilio wa tarehe, kwa hiyo kwangu ulipasuliwa saa nne asubuhi na kuharibikiwa saa nne na nusu. Kisa cha pakiti ya njano nimekisoma mara mbili, na mtu wa kitanda cha pili akaniuliza nacheka nini.

Sasa nisikilize. Mimi kwa miaka thelathini na minne nilifanya kazi unayoionea aibu. Nilisoma kila neno la kila kitabu bila kumeza hata kimoja. Msimamizi wetu, Bwana Kuwabara, alikuwa akinipita jioni na kuniuliza, "Kitabu kizuri?" Nilikuwa nikimjibu, "Sijui, nimekisoma tu." Mwanzoni alidhani namdhihaki. Lakini ukikifuata kisa, macho yanaruka, na kosa linapita. Msahihishaji anaonja herufi, anaiacha. Nilipotaka kumeza, nilinunua kitabu nikakisoma nyumbani Jumapili, kama watu wengine.

Kwa hiyo kutema si kosa. Kosa lako ni lori. Ukifanya jambo nyuma ya lori, watu watalimalizia wenyewe, na hawatalimalizia kwa wema. Bibi Hung hakusema uongo. Alikuwa na nusu ya sentensi, na wewe ndiye uliyemnyima nusu nyingine. Toka nyuma ya lori. Temea mbele ya watu, kwenye bakuli zuri, na useme kwa nini.

Kuhusu utamu, usibishane na ulimi wako. Azima wa mama yako. Atajivuna, lakini ulimi wake ni mzuri.

Mjomba wako,
Mao-lin


Neimen, 17 Desemba 2023
Kilo themanini na tisa

Mjomba, shikamoo. Umeshakula? Umekula nini? Nani amekupikia?

Nimefanya ulivyosema. Tarehe ishirini na tano Novemba hekalu la mtaa wa juu lilikuwa na karamu, meza ishirini na mbili, watu ambao hawakuvunja kwa sababu walisahau. Nikaweka meza ndogo mbele ya majiko, kitambaa chekundu, bakuli jeupe la kaure, glasi ya maji. Kabla ya chakula cha kwanza nikamnyang'anya mwimbaji kipaza sauti.

Nikasema: "Mimi ni Lai Hsiu-luan, binti wa Lai Ting-fu. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja, na kaa la moto liliniunguza mguu nisihisi. Nimepunguzwa tumbo. Kila mtakachokula leo nimekionja, na nakitema hapa mbele yenu kwa sababu sina pa kukiweka. Mwenye shaka aje akae hapa anitazame."

Halafu nikaona mtu anainuka meza ya tatu na kiti chake mkononi. Bibi Hung. Sikujua kaalikwa. Akaweka kiti kando ya bakuli, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Onja," akasema.

Nikaonja, nikatema. Akachukua kijiko akachota kutoka sufuria ile ile, akameza. Vyakula kumi na viwili, Mjomba, hivyo hivyo, mimi natema, yeye anameza, na watu wameacha kumtazama mwimbaji wanatutazama sisi. Mwisho akafuta mdomo.

"Cha nne kimepungua chumvi."

Nilikionja tena. Ni kweli.

"Na wewe umekonda vibaya," akasema. "Daktari wako anaitwa nani? Nina mjukuu ana kilo mia na arobaini, analala ameketi."

Mifuko iliisha kabla sijafika meza ya kumi na tano. Mashangazi wawili waligombania kichwa cha samaki hadi mwenyekiti wa hekalu akaingilia.

Familia mbili kati ya nne zimerudi. Moja imeenda kwa mpishi wa mtaa wa chini, na moja haijibu. Wapo wanaosema nina ugonjwa mbaya na ninauficha. Wacha waseme, nikipita nabeba gunia la mchele begani na kuwasalimia. Mama ndiye ulimi wa vitu vitamu, na hatuwezi kuishi naye. Jana alirudisha sufuria mara tatu akisema, "Nina sifa ya kulinda."

Vidole viwili vya mguu bado havijarudi kuhisi. Daktari Weng anasema huenda visirudi, na vidonge vya vitamini nitameza hadi nife. Lakini macho yametulia, insulini sijaigusa tangu Juni, na mguu wa kushoto, nikifumba macho, naujua ulipo.

Sasa zamu yako. Hospitalini tulikuwa na darasa la wagonjwa, na mwalimu alisema mtu anayekwepa swali la sukari mara tatu anayo. Nusu ya darasa tukatazama chini. Wewe umelikwepa tangu Machi. Tena ukaandika "mtu wa kitanda cha pili". Mjomba, msahihishaji mzima, ukaliacha hilo lipite. Mama ameziweka barua zako mezani, akazitazama mwandiko, akaenda kukaa chumbani kwake.

Karamu ni tarehe ishirini na saba Januari. Njia ya kuingilia ina mteremko laini wa magurudumu, kama mtu atauhitaji. Sisemi utauhitaji.

Hsiu-luan


Kobe, 12 Januari 2024
Miaka hamsini na miwili na miezi minne

Mpwa wangu Hsiu-luan, na Yueh-chiao, dada yangu, kwa kuwa najua utasomewa,

Salamu za mwaka mpya. Nimekula. Wali nusu bakuli, samaki, mboga, vimepimwa. Hupikiwa na mwanamke wa serikali ya mtaa anayekuja saa tano, asiyejua chumvi ni nini.

Ninayo sukari. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti tarehe kumi na moja Julai. Ilianza na kiatu kipya, mwezi wa kwanza, kidonda kidogo kama punje ya dengu. Nilipokuandikia ile barua ya kwanza ya mzaha, mguu ulikuwa juu ya mto, umefungwa. Nina mguu wa bandia sasa, na naushinda siku nyingi kuliko unavyonishinda.

Utauliza kwa nini nilikukataza. Miaka kumi na tano iliyopita daktari mmoja hapa aliniambia nipunguze tumbo, na kama siwezi mwenyewe, zipo njia za kupasua. Nikamsimulia kisa cha baba yako, tumbo kuingia mlangoni kabla yake, mama kusema, "Huyu watu watakula." Akacheka kwa adabu. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Ni mzaha ule ule niliokuandikia wewe. Ulikuwa unanila mguu wakati ule ule naunakili, na bado niliona ni mzuri. Halafu nikasoma ukurasa wa kaa la moto.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka uamue kwa kaa lako, si kwa mguu wangu. Ungeenda kwa hofu yangu, na mambo yalipoharibika harusini usingekuwa na wa kumlaumu ila mimi. Ulikwenda kwa hiari yako, ukatoka nyuma ya lori kwa miguu yako. Nimesahihisha vitabu vingi, na sioni cha kugusa hapo.

Sasa karamu. Msiseme ni mguu. Jina langu lilipofutwa kwenye orodha ya serikali ya wasioruhusiwa kurudi kisiwani kwa sababu ya siasa, mwaka 1992, nilikuwa na miguu miwili na pasi mpya. Nilifika uwanja wa ndege na sanduku. Nikalitazama jina la Kaohsiung, mji wa kwetu, kwenye ubao, nikatambua kwamba ninayemwendea ni mama, na mama alikuwa ameshazikwa miaka sita bila mimi. Nikanunua tambi, nikazila taratibu, nikapanda treni kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo ninyi ndio mliokuwa mkisema "mwaka ujao", nami nikawaacha mseme, kwa sababu ilikuwa raha kusikia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuandika, kuliko mguu.

Kiti changu cha meza ya kwanza mpe Bibi Hung. Yueh-chiao, kula vyote kumi na viwili, usimbakizie mtu mfuko.

Na baridi ikipungua, njooni Kobe, wote wawili. Kutoka stesheni hadi kwangu ni ngazi sitini na nne. Mwaka jana, Hsiu-luan, usingezipanda. Mwaka huu utazipanda ukiwa na pumzi ya kunitania. Nitakuwa nimesimama juu, ili kwa mara moja unione nimesimama.

Njooni ninyi. Mimi sitarudi.

Mao-lin